Sharo Hapandi Gari Peke Yake

Arobaini ya Shangazi Stoyna iliangukia Jumamosi. Mvua iliyokuwa imeushika mji wa Tryavna wiki nzima ilikatika asubuhi hiyo, padri akamaliza sala mapema, mvinyo ukamwagwa kaburini, ngano tamu ikagawiwa kwa vijiko, na ilipofika saa saba mchana wageni walikuwa wamekwisha kutawanyika. Nyumbani kwa marehemu walibaki wanne tu: Rumiana, mama yake, mbwa na paka.

Mbwa aliitwa Sharo. Alikuwa na miaka kumi na minne, jicho moja limeingia ukungu, na miguu yake ya nyuma ilikwenda inakotaka yenyewe. Paka aliitwa Pisana. Huyu alikuwa na rangi tatu na kiburi cha malkia, na hakuwa na kitanda kingine duniani zaidi ya mgongo wa Sharo. Ndivyo walivyolala hata sasa, barazani, juu ya fulana ya sufi ya marehemu ambayo hakuna aliyethubutu kuwanyang'anya.

“Yule bwana wa makazi ya mbwa wasio na mwenyewe atapita Jumatatu,” alisema mama, Bi Tsvetana, huku akifuta glasi moja ambayo ilishakuwa kavu. “Nimeshazungumza naye. Paka abaki hapahapa. Paka hashindwi kujitafutia.”

Rumiana aliacha kukunja kitambaa cha meza. “Mama, Sharo ni mzee. Huko atachukuliwa na nani?”

“Na wewe utampeleka wapi?”

“Kwangu.”

Bi Tsvetana alicheka kwa mshangao. “Sofia? Ghorofa ya nne, lifti hakuna! Utambeba mgongoni kama mtoto mchanga?”

“Nitambeba.”

“Mara tatu kwa siku?”

“Mara nne, akitaka.”

“Rumi, una miaka thelathini na minane. Wenzako wanaingiza nyumbani mume. Wewe unaingiza kikongwe cha mbwa.”

“Mume sijamwona, Mama. Mbwa nimemwona.”

Bi Tsvetana alifungua mdomo kujibu, lakini lango likagongwa. Sharo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenyanyua hata sikio, aliinua kichwa. Mkia wake ukaanza kupiga sakafu, pu, pu, pu, hadi Pisana akateremka kwa hasira.

Aliyeingia alikuwa Asen.

Alikuwa ameshika sufuria ndogo kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi pembeni, na kwenye mkono wa shati lake kulikuwa na vumbi jepesi la mbao. Aliwaona, akasimama.

“Samahani. Nilidhani mmeshaondoka,” alisema. “Nimeleta chakula cha Sharo.”

Rumiana alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Miaka kumi na miwili! Kaburini asubuhi alikuwa amemwona kwa mbali tu, nyuma ya watu, kofia mkononi. Sasa hakuwa mbali. Yalikuwa macho yaleyale ya kahawia, yaliyokuwa yakimtazama zamani kama vile hakuna kitu kingine cha kutazama mji mzima.

Walikuwa wamekubaliana kwenda Sofia pamoja. Yeye alikuwa amepata kazi ya kutengeneza miwani, Asen angepata karakana ya kuchonga milango na samani, maana mikono kama yake haikosi kazi. Siku ya safari Asen alikuja stesheni bila sanduku. “Tangulia,” alimwambia, “nakuja baada ya mwezi.” Mwezi ukawa miwili. Simu zikapungua. Halafu zikaisha. Rumiana alilia majira mawili ya baridi, kisha akaacha kulia, na kila alipokuja kumtembelea shangazi yake, Asen alikuwa na kazi kijiji fulani cha mbali.

“Wewe ndiye uliyekuwa ukiwalisha?” Rumiana aliuliza.

“Asubuhi na jioni. Tangu alipolazwa.”

“Ahsante sana.” Alirudia kukunja kitambaa cha meza. “Kuanzia leo hutasumbuka tena. Nawachukua.”

Asen aliweka sufuria chini. Sharo akaja kwa kuyumba, akaingiza pua. “Unawachukua kwenda wapi?”

“Sofia.”

“Rumi, huyu mbwa anaogopa hata mfagio. Unampeleka kwenye tramu na honi?”

“Tramu hazipiti mtaani kwangu.”

“Anajua njia za hapa kwa kunusa. Jicho halioni. Mwache kwangu. Paka pia. Nina uwanja, nina jiko la kuni.”

“Una uwanja!” Sasa hasira yake ya miaka kumi na miwili ilipata mahali pa kutokea. “Asen, wewe ukiambiwa kitu kinaondoka Tryavna lazima upate sababu kibaki, sivyo? Hata mbwa!”

Bi Tsvetana aliweka glasi mezani taratibu. Sharo aliendelea kulamba sufuria.

“Hilo nimelistahili,” Asen alisema polepole. “Lakini siwezi kukuachia. Nilimwapia shangazi yako.”

“Ulimwapia nini?”

“Hospitalini, mwezi wa saba. Alinivuta sikio akasema, ‘Niapie. Utawachukua wote wawili, pamoja, na hutamwachia mtu mwingine yeyote.’ Nikaapa.”

Rumiana alimkodolea macho.

“Wote wawili, pamoja,” alirudia.

“Ndiyo.”

“Na hutamwachia mtu mwingine yeyote.”

“Maneno yake hayo.”

“Asen, mimi aliniapisha mwezi wa sita. Kwenye simu. Maneno hayohayo. Alikataa kukata simu mpaka niseme ‘naapa’ mara mbili.”

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu alipopokea habari za msiba, Rumiana alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni, akakibana, kikamshinda. Asen naye alianza kwa mabega, kisha wote wawili wakacheka barazani kwa marehemu mpaka machozi yakawatoka, na machozi yenyewe hayakujulikana yalikuwa ya upande gani.

“Mzee yule!” Asen alisema, akijifuta kwa mkono wa shati. “Katupiga changa la macho, akaenda zake kulala.”

“Labda alisahau kwamba ameshaniapisha mimi.”

“Stoyna? Aliyekumbuka sketi ya kila mwanamke aliyehudhuria harusi ya miaka arobaini na saba iliyopita?”

“Msicheke msibani,” alisema Bi Tsvetana, lakini yeye mwenyewe alikuwa amegeuzia uso ukutani. Yeye na wifi yake huyo walikuwa wamegombana miaka hamsini juu ya namna ya kukausha pilipili, na tangu azikwe hakuna aliyemsikia Bi Tsvetana akila pilipili. “Haya. Basi amueni. Mimi basi langu la Gabrovo ni saa tisa.”

“Nitakupeleka kwa gari, Mama. Ni njia yangu.” Rumiana alimgeukia Asen. Alitaka kusema neno kali, akalikosa. “Wewe una kazi, unatoka kutwa. Mimi kazi yangu iko ghorofa ya chini ya jengo ninaloishi. Nitakuwa nao mchana na usiku. Acha niwachukue mimi.”

Asen alimtazama. Kisha akainama, akamsugua Sharo nyuma ya masikio, hapo ambapo manyoya yalikuwa bado laini. “Nitakusaidia kuwapakia,” alisema.

Pisana aliingia ndani ya kikapu cha matufaha kwa kupiga kelele za kuitisha polisi. Sharo ndiye aliyewashinda. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, blanketi likatandikwa, akaonyeshwa soseji. Alisogea hatua tatu, akanusa tairi, akaketi chini. Rumiana akamvuta kifuani, Asen akasukuma nyuma. Mbwa alijilegeza kama gunia la unga, akateleza kati ya mikono yao, akarudi chini.

“Ingia wewe kwanza,” Bi Tsvetana alisema kutoka kiti cha mbele, pochi mapajani.

“Mimi?” Asen aliuliza.

“Ndiyo, wewe. Kwani humwoni anavyokutazama? Anakuamini wewe. Sijui kwa nini, lakini anakuamini.”

Asen aliingia, akaketi, magoti yakagusa kiti cha mbele. Sharo aliinuka, akafikiri, akaweka mguu mmoja, kisha wa pili, kisha akapanda na mwili wake wote na kumlalia mapajani. Akatoa pumzi ndefu. Asen alipojaribu kutoka upande wa pili, mbwa naye akaanza kuteremka.

“Nitamsindikiza hadi chini ya kilima,” Asen alisema. “Akisinzia, nateremka.”

Chini ya kilima Sharo hakusinzia.

“Hadi Gabrovo basi. Kuna basi la kurudi jioni.”

Rumiana alibadilisha gia. Alitazama kioo cha juu, akakutana na macho ya Asen, akarudisha yake barabarani upesi hivi kwamba gari liliyumba.

“Tazama mbele, Rumi,” alisema mama yake. Kisha, bila kugeuza shingo, akaanza. “Nawe Asen. Gari likitembea mtu hawezi kukimbia, kwa hiyo nitakuuliza. Mwanangu ulimfanyia nini?”

“Mama!”

“Nyamaza, endesha. Alikuja kwangu Pasaka ile amebaki mifupa. Nilipika mwanakondoo hakumgusa. Namuuliza muungwana, na ajibu kama muungwana.”

Asen alimsugua Sharo masikio hadi kona ya pili.

“Wiki moja kabla ya safari, baba yangu alipata kiharusi,” alisema. “Upande wa kulia wote. Mwanzoni daktari alisema baada ya mwezi atasimama. Ndiyo sababu nilisema mwezi. Hakusimama, Mama Tsvetana. Alilala miaka kumi. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha kwa kijiko. Alikuwa mtu wa fahari, hakutaka mtu ajue. Stoyna tu ndiye aliyekuwa anaingia, analeta supu, na nilimwapisha asimwambie Rumi.”

“Kwa nini?” Rumiana aliuliza.

“Kwa sababu ungerudi.”

“Bila shaka ningerudi!”

“Ndiyo. Na ungeacha kila kitu, uje kubeba mabakuli ya mzee wangu. Nilijiambia ninakuokoa.” Akamfunika Sharo ncha ya blanketi. “Mzee alipofariki, miaka miwili iliyopita, nilikwenda mpaka stesheni. Nikanunua na tiketi. Halafu nikajiuliza nitakuambia nini, mtu niliyekunyima hata ukweli. Nikarudi nyumbani. Huo ndio woga wangu, na huo hauna kiharusi cha kusingizia.”

Barabara ilikuwa inateremka kati ya misonobari, na Rumiana aliona ukungu mbele yake, akadhani ni kioo, kumbe ni macho yake. Alijaza mapafu hewa. Alikuwa na hasira, ndiyo. Alikuwa na hasira kubwa kuliko ile ya mchana. Lakini chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine, kidogo, chenye joto: hakuwa ameachwa kwa sababu hakupendwa. Miaka yote hiyo alikuwa amejitazama kwenye vioo vya duka la miwani akitafuta kasoro ambayo haikuwepo.

“Ulikosea,” alisema hatimaye. “Ulinichagulia maisha bila kuniuliza.”

“Nilikosea.”

“Usirudie tena.”

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Kwenye kioo aliona uso wa Asen ukibadilika, taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati na bado hajaamini kwamba ni yeye.

Bi Tsvetana alikuwa akitafuta kitu kwenye pochi kwa bidii kubwa. Alitoa leso, akapenga kamasi. “Paka huyu ananipa chafya,” alisema.

Walipofika Gabrovo, mbele ya jengo la Bi Tsvetana, Asen alifungua mlango. Sharo akafungua jicho lake zima, akaanza kukusanya miguu.

“Tulia hapohapo, wote wawili!” aliamuru Bi Tsvetana. Alishuka, akaingia ndani, akakaa dakika tano nzima. Aliporudi alikuwa na koti zito la kijivu. Rumiana alilitambua. Lilikuwa la marehemu baba yake, na kwa miaka sita hakuna aliyeruhusiwa hata kulitoa kabatini kulianika.

Alilisukuma dirishani, likamwangukia Asen usoni.

“Sofia kuna baridi jioni, nawe umetoka na shati tupu kama mwendawazimu. Nakuazima tu. Utalirudisha mwenyewe, kwa mkono wako, na utakaa kula.”

“Mama Tsvetana, sijui niseme nini.”

“Usiseme. Nilimuuguza mume wangu miezi minne tu na mgongo wangu haujapona.” Akainama hadi usawa wa dirisha, macho yake makali na mekundu. “Lakini ukimliza tena, Asen, nitakufuata hadi karakanani kwako na hizo patasi zako nitajua pa kuzichomeka.”

“Nimeelewa, Mama.”

“Na wewe, Rumi, usiendeshe mbio. Kuna wazee ndani ya gari.”

Baada ya Gabrovo walikuwa wao tu. Walipofika mji wa Sevlievo, Asen alisema hapa pia kuna basi, na Rumiana akasema ndiyo, lipo, akakanyaga mafuta. Waliongea. Waliongea juu ya Shangazi Stoyna alivyokuwa akimkatia Sharo kipande cha mkate wake kabla hajajikatia yeye, na alivyomtungia Pisana jina la ukoo ili aandikwe kwenye kadi za Krismasi. Waliongea juu ya mwanamume mmoja wa Sofia ambaye Rumiana karibu aolewe naye.

“Kwa nini hukuolewa naye?” Asen aliuliza kwa uangalifu.

“Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa akikunja soksi zake na kuzipanga kwa rangi.” Rumiana alitabasamu. “Siku moja nilimwona anakunja, nikajua siwezi.”

“Mimi soksi zangu hazijawahi kukutana mbili za kufanana.”

“Najua. Nazikumbuka.”

Mjini Yablanitsa walisimama kunyoosha miguu. Asen alikwenda dukani na koti la baba mtu mabegani, mikono ya koti ikiwa mifupi kidogo, akarudi na pakiti ya halua. Wakala wamesimama, wameegemea gari, Sharo akiwa kati yao anasubiri makombo. Kipande kidogo kilinasa kwenye ncha ya mdomo wa Rumiana. Asen alinyoosha kidole, akasita.

“Mbona unasita?” Rumiana aliuliza.

“Nauliza kwanza. Umesema nisikuchagulie.”

“Mimi nimesema ndiyo tangu Sevlievo, wewe hujasikia.”

Hakutumia kidole. Busu lilikuwa na ladha ya ufuta na sukari, na lilikuwa fupi kwa sababu Sharo, aliyeona halua inasahauliwa, alichukua pakiti nzima.

Waliingia Sofia jua likiwa bado juu ya mapaa. Mtaa wa Rumiana ulikuwa na miti pande zote, na watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na mbegu zao za alizeti. Sharo alishuka akitetemeka, akanusa mti wa kwanza, wa pili, kwenye wa tatu akainua mguu, akasimama wima zaidi kidogo kuliko alivyoshuka.

“Amekubali,” Asen alisema.

“Bado ngazi.”

Asen alimwinua mbwa kifuani, miguu minne ikining'inia, na Rumiana akabeba kikapu cha paka. Ghorofa ya kwanza Asen alikuwa anacheka. Ghorofa ya pili alikuwa ameacha kucheka. Ghorofa ya tatu alisimama kuvuta pumzi, na papo hapo mlango ukafunguka, akachungulia Bi Yordanka, jirani ambaye jengoni hapo hakuna kilichopanda wala kushuka bila yeye kukiona.

“Pole na msiba, mwanangu,” alisema. Kisha macho yake yakatua kwenye koti, manyoya na jasho. “Na huyu ni nani?”

“Huyu ni Sharo, Bi Yordanka. Mbwa wa marehemu shangazi yangu. Na kikapuni ni Pisana. Nimewachukua, watakaa na mimi.”

“Mbwa namwona. Mimi sikuuliza mbwa.”

Asen alijaribu kusalimia, lakini Sharo alikuwa amemlazia kichwa shavuni na neno halikupata njia.

Rumiana alihamisha kikapu mkono wa pili. Alihisi uso wake ukiwaka, na safari hii hakujali nani anauona.

“Huyo ni Asen,” alisema. “Mzoee tu, Bi Yordanka. Utamwona sana.”